Kutoka Budokan hadi Honmoku: wiki ya kufuata roki ya zamani ya Japani

Jumatano, 29 Aprili. Kudanshita

Leo ni sikukuu. Wajapani wanaiita Siku ya Showa, kumkumbuka mfalme aliyetawala tangu 1926 hadi 1989, na ndiyo inayofungua wiki ya mapumziko ambayo nchi nzima inakuwa barabarani. Minada ya magari imefungwa, kwa hiyo shemeji yangu, ambaye miaka yote hii anahangaika hapa na magari ya kupeleka Dar es Salaam, hana kisingizio. Nimemwambia mapema: sikuja kuangalia maua wala mahekalu, nimekuja kutafuta nyimbo zilikotoka. Akaguna. "Nyimbo zinatoka studio, shemeji."

Tumeshuka Kudanshita, katikati ya Tokyo, kwenye njia ya treni ya Tozai. Milango ya treni ikikaribia kufungwa, spika za kituo zinapiga kipande kifupi cha "Ōkina Tamanegi no Shita de" wa bendi ya Bakufu Slump, yaani chini ya kitunguu kikubwa. Shemeji amepita kituo hiki mara nyingi na hakuwahi kujua kwamba kile kikengele ni wimbo. Kitunguu chenyewe tumekiona baada ya kuvuka handaki la maji na kupita lango la zamani la ngome: ni pambo la dhahabu lililokaa kileleni mwa paa la Nippon Budokan, na kweli linafanana na kitunguu. Katika wimbo, kijana amekuwa akiandikiana barua na msichana ambaye hajawahi kumwona. Anamtumia tiketi ya onyesho la Budokan, na kiti cha pembeni yake kinabaki kitupu mpaka mwisho. Inasemekana bendi iliutunga mwaka 1985 kwa kujihami. Walikuwa wanaelekea kupiga Budokan kwa mara ya kwanza, wakahofia ukumbi hautajaa, wakaona bora viti vitupu vipate hadithi yake kabisa.

Budokan ilijengwa kwa ajili ya judo ya Olimpiki ya 1964. Mwaka 1966 Beatles wakapewa ukumbi huo, kuanzia tarehe 30 Juni hadi 2 Julai, na watu wa mrengo wa kulia wakaandamana kwamba nyumba ya sanaa za mapigano inanajisiwa na vijana wenye nywele. Waliowatangulia jukwaani walikuwa Wajapani, wakiwemo Jackey Yoshikawa na Blue Comets wake. Baada ya hapo nchi ikajaa bendi za magitaa zilizoitwa "Group Sounds": The Tigers, The Tempters, The Spiders na nyingine nyingi. Vijana walivalishwa kama watoto wa mfalme, wasichana wakazimia, walimu wakapiga marufuku wanafunzi kuhudhuria. Shirika la utangazaji la NHK liliwafungia mlango wenye nywele ndefu. Blue Comets walikuwa na nywele fupi na suti, wakapita.

Niseme ukweli wangu: sehemu kubwa ya nyimbo hizo ni sukari tupu. Kampuni zilikuwa na watunzi wao wa kuajiriwa, vijana wanaletewa wimbo kama sare. Ndiyo maana naupenda zaidi "Furi Furi" wa The Spiders. Ulitoka 1965, kabla hata Beatles hawajafika, na umetungwa na mwanabendi mwenyewe, Kamayatsu Hiroshi. Ni makofi, gitaa na kelele, basi.

Jimbocho, mwendo mfupi kutoka pale, tumeingia duka la santuri lenye ngazi nyembamba na harufu ya makaratasi ya zamani. Nimemwonyesha mzee wa kaunta jalada la "Blue Chateau", wimbo wa Blue Comets uliochukua tuzo kubwa ya santuri ya mwaka 1967. Hakusema bei. Aliimba. Ila hakuimba maneno yenyewe. Aliimba toleo la watoto wa enzi zake, ambao kila neno walilipachika chakula mkiani: tonkatsu, kitunguu saumu, konnyaku, tempura. Wimbo wa huzuni kuhusu kasri ndani ya msitu ukageuka orodha ya mgahawa. Shemeji, ambaye anajua Kijapani cha sokoni na si zaidi, alielewa kila neno. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Alhamisi, 30 Aprili. Tramu

Tumepanda tramu ya Arakawa kutoka Minowabashi mpaka Waseda, kilomita 12 na kitu. Behewa ni moja tu, linapita nyuma ya majiko ya watu, na waridi za kandokando ya reli zimeanza kufunguka. Ndiyo tramu pekee ya jiji iliyobaki. Mtandao mzima wa Tokyo uling'olewa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na 1972 ili magari yapate nafasi. (Shemeji: "Sawa kabisa." Mfanyabiashara wa magari, unategemea aseme nini?)

Nimeipanda kwa sababu ya "Kaze wo Atsumete" wa bendi ya Happy End, uliomo kwenye albamu ya "Kazemachi Roman" ya Novemba 1971. Hosono Haruomi anauimba kwa sauti ya mtu aliyetoka kuamka. Gitaa linatembea taratibu, na katika maneno ya Matsumoto Takashi, mpiga ngoma wao, mtu anazurura vichochoroni kabla ya mapambazuko na anaona tramu ikivuka bahari ndani ya ukungu. Matsumoto alikulia pande za Aoyama. Alipoandika maneno hayo, tramu za Aoyama zilikuwa zimeshaondoka, na mtaa wa utoto wake umekatwa na barabara za Olimpiki. Aliandika mji ambao haukuwepo tena, akaupa jina la kubuni: mji wa upepo.

Ugomvi uliowazunguka ndio ulionivutia zaidi. Mwaka 1970 na 1971 wanamuziki walilumbana kwenye magazeti ya muziki: je, roki inaimbika kwa Kijapani? Uchida Yuya, mkongwe aliyekuwa jukwaani Budokan siku za Beatles, alishikilia Kiingereza. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Aliona silabi za Kijapani hazikai vizuri juu ya mdundo, na bila Kiingereza huwezi kutoka nje ya visiwa. Happy End walijibu kwa kazi. Sikiliza wanavyovuta irabu, wanavyokata neno katikati na kulimwagia kwenye pigo linalofuata, utaona wamesota kutafuta njia. Ni mjadala ule ule wa vijana wa Dar mwanzoni mwa miaka ya 1990, rap iwe ya Kiingereza au ya Kiswahili, na jibu lilipatikana kwa njia ile ile: akatokea mtu akaimba, watu wakaelewa, maneno yakaisha.

Bendi yenyewe haikudumu. Mwisho wa 1972 walishavunjika, na santuri zao wakati ule hazikuuzika sana. Matsumoto akaacha ngoma akawa mwandishi wa maneno ya nyimbo za mastaa. Hosono mwaka 1978 akaanzisha Yellow Magic Orchestra, bendi ya muziki wa kielektroniki.

Waseda tumekula tambi na kurudi nyumbani. Mvua jioni.

Ijumaa, 1 Mei. Chigasaki

Saa moja hivi kwa treni ya Tokaido kuelekea kusini-magharibi. Hapa hakuna haja ya kutafuta alama. Kituo chenyewe kinaaga treni kwa "Kibō no Wadachi" wa Kuwata Keisuke, mtoto wa mji huu. Ufukwe umepewa jina la Southern tangu 1999, kwa heshima ya bendi yake, Southern All Stars. Mbele yake baharini kuna jiwe lililochongoka liitwalo Eboshi, ambalo limo ndani ya "Chaco no Kaigan Monogatari" wa 1982. Familia zinapiga picha ndani ya sanamu ya herufi C. Tumepiga na sisi.

Kuwata alianza na kishindo tarehe 25 Juni 1978 kwa "Katte ni Sindbad". Jina la wimbo ni utani mtupu: limeunganisha vipande vya majina ya vibao viwili vya mwaka uliotangulia, kimoja cha Sawada Kenji, yule yule mwimbaji wa The Tigers, na kingine cha wasichana wa Pink Lady. Anaimba haraka, anameza konsonanti, Kijapani kinasikika kama Kiingereza cha mtu aliyelewa. Wazee wa lugha walikasirika. Kwangu hii ndiyo tanzu ya pili ya ugomvi wa jana: Happy End waliitafutia roki nafasi ndani ya Kijapani, Kuwata akakikunja Kijapani chenyewe mpaka kikaingia. Kisha mwaka uliofuata akaja na "Itoshi no Ellie", wimbo wa mapenzi uliotulia, kila neno linasikika, kama vile kuwaambia: naweza pia, ila sitaki kila siku.

Shemeji alipousikia kwenye simu yangu aliruka. "Huu si wa Ray Charles?" Ni wa Ray Charles pia. Aliuimba 1989 kwa Kiingereza kwa ajili ya tangazo la pombe la Kijapani, na kuna watu wengi wanaodhani yeye ndiye mwenye mali.

Wali wa dagaa wadogo weupe, mchuzi wa soya, tangawizi. Upepo mkali, mlima Fuji hatukuuona.

Jumamosi, 2 Mei. Tsukiji, kisha Kunitachi

Siku hii niliipangia safari nzima. Wanamuziki wawili wasiofanana hata kidogo walifariki tarehe 2 Mei: hide, mpiga gitaa wa X Japan, mwaka 1998, na Imawano Kiyoshirō wa RC Succession, mwaka 2009.

Asubuhi tumekwenda Tsukiji Hongan-ji, hekalu la mawe la 1934 lenye sura ya Kihindi, wanyama wa kuchongwa wakilinda ngazi. Mazishi ya hide yalifanyika hapa tarehe 7 Mei 1998, na foleni ya mashabiki ilikadiriwa kufika watu elfu hamsini. Alikuwa na miaka 33. Ndani kuna kona yake, na madaftari ambamo wageni wanamwandikia. Leo kulikuwa na mama wa makamo aliyevaa kimono nadhifu, nywele zake zimepakwa rangi ya waridi upande mmoja tu, akiandika bila haraka. Nyuma yake kijana wa kama miaka kumi na tisa akisubiri zamu, na fulana iliyochakaa ya "Blue Blood", albamu ya X Japan, ambayo bila shaka ilikuwa ya mzazi wake. Hide alipofariki huyo kijana hajazaliwa.

X walianzishwa na marafiki wawili wa utotoni kutoka Tateyama, mkoa wa Chiba: Yoshiki wa ngoma na piano, na Toshi wa sauti. Hide alitoka Yokosuka, mji wa kambi ya wanamaji wa Kimarekani. Wengi wanawakumbuka kwa nywele zilizosimama kama mapanga. Mimi nawakumbuka kwa "Kurenai" ya 1989: unaanza polepole kwa gitaa moja, unadhani ni wimbo wa kubembeleza, halafu ngoma zinafunguka zote kwa mpigo na hazipumui tena mpaka mwisho. Siku hizi matarumbeta ya shule za sekondari yanaupiga kwenye mashindano ya besiboli, wanafunzi wamenyoosha migongo, makocha wanapiga makofi.

Mchana tumepanda njia ya Chuo kwenda Kunitachi. Kituo cha zamani chenye paa jekundu la pembetatu, cha 1926, kilibomolewa 2006, mbao zake zikahifadhiwa, kikasimamishwa upya 2020. Kiyoshirō alikulia mji huu. Tumefuata barabara ya Asahi mpaka Tamaranzaka, kilima ambacho ameandikia wimbo katika albamu ya "Blue" ya 1981. Si kilima cha kutisha. Ni barabara iliyoinuka kidogo, nyumba za ghorofa, nguzo za umeme, daladala za baiskeli, yaani mama mmoja na watoto wawili juu ya baiskeli moja. Kulikuwa na maua chini ya jiwe lenye jina la kilima, kopo la bia, na kaseti moja ndani ya mfuko wa plastiki kuikinga na mvua.

"Shemeji, tumetoka Tsukiji kuja kuangalia mwinuko?"

Nikampa simu na spika moja ya sikio. Kwanza "Slow Ballad" wa 1976. Wawili wamelala ndani ya gari kwenye maegesho ya uwanja wa manispaa, wamejifunika blanketi moja, redio ya gari inapiga. Hakuna kinachotokea zaidi ya hapo. Kiyoshirō anaimba kwa sauti nyembamba inayokaribia kupasuka kila mstari, na unabaki umeshika pumzi. Albamu iliyobeba wimbo huo, "Single Man", iliondolewa sokoni haraka kwa kukosa wanunuzi, na ikarudi kwa sababu mashabiki waliidai. Kisha nikampigia "Ameagari no Yozora ni" wa 1980, wimbo ambao mvua imeua injini ya mkweche wa jamaa, na jamaa anambembeleza huo mkweche uwake. Kwamba si gari peke yake linalozungumziwa, mtu mzima ataelewa. Shemeji aliomba urudiwe. Akauliza ni gari la mwaka gani.

Tukiwa tumekaa kwenye ukingo nilimsimulia habari ya "Covers". Mwaka 1988, miaka miwili baada ya Chernobyl, RC Succession walirekodi nyimbo za kigeni kwa maneno mapya ya Kijapani, baadhi yakipinga nishati ya nyuklia. Kampuni yao ya santuri ilikuwa Toshiba EMI, na Toshiba ndiyo inayotengeneza vinu. Likatoka tangazo gazetini kwamba albamu hiyo ni nzuri kupita kiasi, kwa hiyo haiwezi kuuzwa. Kampuni ndogo ya Kitty ikaitoa tarehe 15 Agosti, ikapanda mpaka namba moja. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1968 kampuni hiyo hiyo, wakati huo ikiwa na jina jingine, iliuzuia "Imujingawa" wa The Folk Crusaders wa Kyoto, wimbo wenye asili ya Korea Kaskazini kuhusu mto unaopita kwenye nchi iliyogawanywa. Katō Kazuhiko wa bendi hiyo akaambiwa atunge mwingine upesi, akatoa "Kanashikute Yarikirenai", wimbo wa mtu aliyezidiwa na huzuni. Nauona ni bora kuliko uliozuiwa.

Kiyoshirō hakuishia kwa "Covers". Alijificha ndani ya kofia ya ujenzi na miwani, akaunda bendi iitwayo The Timers, na mwaka 1989, katika kipindi cha televisheni cha moja kwa moja, akabadilisha wimbo ghafla na kukitukana kituo cha redio kilichokataa kuzipiga kazi zake. Mtangazaji alibaki anaomba radhi.

Tukirudi kituoni tuliingia Seven-Eleven kununua maji. Niliuliza kama anaujua "Daydream Believer" wa Kijapani. Akaimba kiitikio papo hapo mbele ya friji, kwani matangazo ya duka hili yameutumia kwa miaka. Ni huyo huyo Kiyoshirō, na The Timers wale wale wa matusi. Shemeji hakuamini, ikabidi atafute mwenyewe kwenye simu.

Jumapili, 3 Mei. Takasaki

Saa mbili kwenda kwa treni ya kawaida, tumesimama nusu ya njia. Bendi ya roki ya BOØWY ilitoka hapa: Himuro, Hotei, Matsui. Mji una madaruma mekundu, yale masanamu ya mviringo ya kuleta bahati, kila dirisha na hauna haraka ya kukuonyesha kitu kingine. Nilisimama uwanja wa kituo nikasikiliza "Marionette" wa 1987, lile gitaa la Hotei linalokata vipande vipande kama mkasi, nikaridhika. Bendi hii ilitangaza kuvunjika jukwaani mkesha wa Krismasi mwaka huo huo, ikiwa kileleni, na ikaaga Aprili 1988 ndani ya Tokyo Dome, ukumbi uliokuwa umefunguliwa mwezi uliotangulia. Shemeji anaona ni ujinga kufunga duka wakati wateja wamejaa. Tumebishana hilo mpaka Omiya.

Jumatatu, 4 Mei. Yokohama

Siku ya mwisho ni ya shemeji: anataka kupita yadi yake kuhakikisha magari yaliyokwishalipiwa yako salama. Njiani amekubali tupitie mtaa wa Honmoku.

Baada ya vita Wamarekani walichukua sehemu kubwa ya Honmoku kwa makazi ya wanajeshi wao, na waliirudisha 1982 tu. Kulikuwa na baa ikiitwa Golden Cup, na bendi ya nyumba ikachukua jina hilo. The Golden Cups waliwapigia wanajeshi blues na R&B za kweli kweli, wengine wakiwa njiani kwenda au kutoka Vietnam. Kampuni ya santuri ikawaletea nyimbo tamu za kuuza, na mwaka 1968 "Nagai Kami no Shōjo" ukatamba. Hawakuupenda, na ukiusikiliza vizuri unajua: gitaa la besi linakimbia kama liko kwenye wimbo mwingine kabisa. Hilo besi peke yake linatosha nauli ya kuja hapa. Leo ni maduka, mabango ya maegesho, na makontena upande wa bandari.

Yadini kuna Noah, Passo na IST zimebanana. Shemeji amewasha moja, na sauti ya yule dada ikatokea kukumbusha kadi ya barabara za kulipia, sauti ambayo kila dereva wa Dar anaijua na hakuna anayemjibu. Redio nayo inaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za nyumbani hazishiki. Mimi nyimbo hizi nilianza kuzijua namna hiyo: gari la kwanza la kaka lilikuja na CD imekwama ndani, na kwa kuwa redio ilikuwa bubu, tuliisikiliza miezi.

Ofisini kwake kuna boksi la CD anazozitoa kwenye magari. Nilipiga magoti nikalichambua: nyimbo za watoto, masomo ya Kiingereza, enka za wazee (nyimbo za huzuni za Kijapani), mbili za bendi ya Spitz, X moja isiyo na jalada, Southern All Stars nne. Nikaanza kuzipanga pembeni za kubeba.

"Hizo Southern rudisha," alisema shemeji.

"Wewe unazifanyia nini?"

"Rudisha moja kwenye ile Noah nyeupe. Mteja ni wa Mbagala, ana safari ndefu kila siku." Akachukua CD mkononi mwangu, akaifuta kwa shati, akaenda kuisukuma ndani mwenyewe. "Ina Ellie lakini?"

Nikamwambia ni wimbo wa tatu.